Orodha ya Waliokufa Mara Mbili

Katika Didia ya mwaka 1955, ukisema una mtoto Makerere uliulizwa swali moja tu: atarudi daktari au atarudi bwana shamba? Mama yake Donatus alipoulizwa hivyo kisimani alijibu kwa sauti ya chini, kama anayetaja ugonjwa wa ukoo, kwamba mwanawe anasoma historia. Historia ndiyo nini, Mama Donatus? Ni habari za watu waliokufa. Wanawake walicheka mpaka maji yakamwagika mitungini. Kijana apande treni, apande meli, avuke ziwa zima mpaka Uganda, akae miaka mitatu akifundishwa habari za wafu wa Kizungu, na hali mganga wa papa hapa anakupa habari za wafu wako mwenyewe kwa kuku mmoja!

Donatus alisimuliwa kisa hicho siku aliyofika likizo, naye akacheka. Hakucheka sana. Alijua kwa nini alichagua historia, na sababu hiyo ilikuwa pale pale uani, karibu na lango la zizi: kigoda cha baba yake.

Baba yake, Mabula, aliondoka mwaka 1943 kwenda kuchimba dhahabu upande wa Geita, yeye na mdogo wake Selestine. Selestine alirudi. Mabula hakurudi. Selestine alisema kaka yake alipata mwanamke wa Kizinza, wakavuka kwenda visiwani, na aliacha neno kwamba asitafutwe. Basi, yakaishia hapo. Miaka kumi na miwili Eufrasia, mama yake Donatus, hakuwa mke wala mjane. Mjane hunyolewa, hulia, hukaliwa matanga, akaheshimiwa. Mwanamke aliyekimbiwa nani atamlilia? Watu walimwuliza kwa upole wa kinafiki alikuwa akimpikia nini mumewe hata akaona afadhali samaki. Kila asubuhi alipofagia uani alikitukana kile kigoda, tusi moja tu kabla jua halijapanda, kisha akaendelea na kazi. Na siku moja Donatus alimwona akikifuta vumbi kwa upindo wa kanga, akidhani hakuna anayemwona.

Donatus alitaka kujua jambo moja: baba yake alikimbia, au alikufa? Jibu la kwanza lingemfanya awe mtoto wa mhuni. Jibu la pili lingemrudishia mama yake heshima. Hapakuwa na la tatu.

Baba yake mdogo, Selestine, ndiye aliyemlea, wala hakumlea vibaya. Ila mtu huyo alikuwa na mambo. Hakuchimba kisima wala choo; alikodi watu. Ukimwita kwa nyuma hakugeuka mpaka mara ya tatu. Na jina la nyumbani la Donatus lilikuwa Maganga, alilorithi kwa babu yake aliyefariki mwaka mmoja kabla hajazaliwa. Ukoo mzima ulimwita hivyo. Selestine peke yake alimwita Donatus, ingawa jina hilo la ubatizo lilimtoka mdomoni kwa taabu kama mfupa wa samaki. Aliposikia kijana amechagua historia, aliinuka akaacha ugali wake sahanini.

"Soma kilimo," alisema. "Walio chini waache chini."

Ndivyo mambo yalivyokuwa nyumbani. Kule chuoni alikuwako mwalimu, Mwingereza mpole mwenye kikohozi, aliyewaambia kwamba mwanahistoria anawahoji wafu, na wafu hujibu kwa maandishi. Pasipo karatasi, alisema, kuna hadithi tu. Donatus aliyaamini maneno hayo kuliko katekisimu. Mwaka wa mwisho alipotakiwa kuandika insha ndefu ya digrii, aliomba kuandika juu ya migodi ya dhahabu ya Geita. Mwalimu akafurahi. Hakujua kwamba mwanafunzi wake anakwenda kumtafuta mtu mmoja tu.

Likizo hiyo, basi, baada ya kusalimia nyumbani, Donatus alipanda treni mpaka Mwanza, akavuka kwa pantoni, akadandia lori la Geita. Thobias, mwenzake wa shule ya misheni, alikuwa karani huko, na funguo za ghala la karatasi zilikuwa mfukoni mwake. Humo yalikuwamo madaftari ya mgodi mmoja uliokwisha kufungwa, ambao wachimbaji waliuita Kwa Bwana Kofia. Panya walikuwa wameanza kula pembeni.

Siku ya pili, mchana, alikuta ukurasa huu: Shimo la Tatu, 9 Novemba 1943. Wamefukiwa. Hawakutolewa. Kisha majina tisa, kila moja na kijiji chake, mengi ya Didia na vijiji vya jirani. La sita lilikuwa: Maganga wa Bujiku, Didia.

Alilisoma mara tatu. Lilikuwa jina lake. Bujiku alikuwa baba wa babu yake, na hakuna Maganga mwingine wa Bujiku aliyepata kuishi Didia ila babu, na sasa yeye. Nje Thobias alikuwa akipiga mluzi, jua linawaka, na Donatus akasikia baridi ikimwanzia miguuni kana kwamba amesimama ndani ya maji.

"Karatasi inasema umekufa, ndugu yangu," Thobias alisema alipoonyeshwa. "Hiyo digrii watampa nani?"

Donatus alilitafuta jina la Mabula katika kila daftari, siku nne nzima. Halikuwamo. Hakuandikishwa, hakufukuzwa, hakulipwa, hakufa. Mtu mwingine wa Didia aliyemkuta daftarini siku ile ile ya ajali alikuwa Ndaki fulani, na mbele ya jina lake neno moja: ametoroka. Alinakili vyote, maana ndivyo alivyofundishwa. Lakini moyo ulikuwa umekwisha kumvunjika. Karatasi ilikuwa imejibu: Mabula hakupata kufika pale. Kumbe mwanamke wa Kizinza alikuwako kweli.

Alirudi nyumbani na aibu ya baba yake mfukoni. Hata hivyo aliona kwamba majina tisa yana wenyewe, na wenyewe wana haki ya kujua. Elimu isiyosaidia mtu ni ya nini? Jumapili, baada ya ibada, akaomba watu wasibanduke nje ya kanisa, akasoma orodha kwa sauti, taratibu, akisubiri kilio.

Hakikuja kilio. Jina la kwanza, watu walitazamana. La pili, mtu akacheka. La tatu, bibi mmoja aitwaye Bernadina aliinua fimbo yake.

"Ng'wanawane, mwanangu, huyo mzee Sita alikufa kwa ndui nikiwa mwari. Nilimwosha mimi."

"Na huyo wa nne aliuawa na simba," mwingine alisema. "Tangu enzi za Mjerumani."

Wakafika la tisa. Wote tisa walikuwa wamekufa zamani, kila mmoja na kaburi lake linalojulikana, wengine miaka thelathini kabla mgodi haujafunguliwa. Kicheko kilikatika. Watu wakaanza kuwavuta watoto wao karibu.

Neno lilisemwa na mtu wa nyuma, na likishasemwa halikurudi: matunga. Usukumani ndivyo wanavyoitwa misukule, watu wanaozikwa machoni pa wote, kumbe mchawi amewachukua, amewakata ndimi, anawalimisha shamba lake. Basi ndiyo hiyo dhahabu! Ndiyo maana ilikuwa nyingi vile! Wachawi waliwauzia Wazungu wafu wetu, wakawachimbisha mpaka ardhi ikawaua mara ya pili.

Siku tatu Didia haikulala vizuri. Miiba iliwekwa juu ya makaburi. Bibi Bernadina alikuja akamshika Donatus mkono, akaubana kwa vidole vyake vikavu, apate kujua kama una joto.

"Joto lipo," alisema, bila kuridhika sana.

Watoto waliokuwa wakimkimbilia wapewe peremende sasa walimkimbia. Jina lake lilikuwa kwenye orodha, na wao waliisikia. Naye mwenyewe, msomi wa Makerere, aliitwa "Maganga!" na shangazi yake, akajikuta anasita kuitika. Je, aliyeitwa ni yeye? Aliwaza babu yake akiwa amechuchumaa gizani na sururu, hana ulimi, akisubiri mtu ataje jina lake. Alijiambia huo ni ujinga, na ujinga huo ulikuwa ukimngojea kila alipofumba macho.

Siku ya nne wazee waliamua. Kaburi moja lifunguliwe ijulikane kama lina mtu, na litakuwa la mzee Maganga, kwa kuwa mjukuu wake ndiye aliyeleta kesi. Mzee Maganga alizikwa ndani ya zizi lake, kama inavyostahili mwenye mji. Asubuhi na mapema vijana waliingia na majembe, ng'ombe wakatolewa nje. Eufrasia alipiga magoti mbele yao.

"Mkwe wangu hana kosa," alisema. "Mume amenikimbia, sasa mnanifukulia na mkwe?"

Donatus alisimama kando ya lango, na kama ardhi ingempasukia angeingia kwa hiari. Majembe yale aliyaleta yeye kwa karatasi yake. Alijaribu kusema, nani amsikilize mtu aliyekufa?

Jembe la kwanza lilipopiga samadi, Selestine alitokea nyumbani kwake mbio, kifua wazi, akajitupa juu ya kaburi.

"Msichimbe! Baba yumo! Hakutoka hata siku moja. Aliyekuwa shimoni kwa jina la Maganga ni mimi."

Bibi Bernadina akauliza kile kilichokuwa midomoni mwa wote. "Mbona uko hai?"

Selestine aliketi. Alieleza akiitazama mikono yake, na hii ndiyo mara ya kwanza watu wasiochimba kulisikia jambo hilo, maana wachimbaji walikuwa wameapishana wasiliseme nyumbani.

"Sisi watu wa shimo hatukumpa karani majina yetu. Jina lako unaliacha kwa mama yako. Kwa karani unataja jina la marehemu wa kwenu. Ardhi ikitaka kuita mtu, imwite aliyekwisha kwenda. Ndivyo tulivyofanya sote. Hao tisa si matunga. Ni watoto wenu walioondoka hamkuwaona tena."

Mwanamke mmoja nyuma alianza kulia kabla ya wengine. Alikuwa ameelewa aliyeandikwa kwa jina la Sita ni nani.

"Na Mabula?" Eufrasia aliuliza. "Mabula alitaja jina la nani?"

"Ndaki. Mjomba wetu."

Donatus akalikumbuka neno lililokuwa mbele ya jina hilo. Ametoroka. Alikuwa nalo kwenye daftari lake, kwa mwandiko wake mwenyewe, na hakuliona. Karatasi haikudanganya wala haikusema kweli. Ilisubiri mtu mwenye akili ya kuuliza jina ni la nani.

"Siku ile nilikuwa na homa," Selestine aliendelea. "Kaka alikuwa ametoka zamu ya usiku. Asiyeitika jina lake asubuhi alipigwa viboko. Akaniambia, lala, nitaitika kwa ajili yako. Akanifunika blanketi lake. Niliwasikia wakiita, Maganga wa Bujiku! Nikamsikia akisema, Nipo! Hata mchana haujafika, shimo likaanguka. Wakaja wakasoma majina ya waliofukiwa, nami niko kitandani nasikia jina langu. Nilitoroka siku hiyo hiyo. Njiani nilisema, nikifika nitasema. Nikafika. Shemeji ulikuwa na uji mkononi, ukaniuliza, kaka yako yuko wapi? Uongo ukaja wenyewe. Nilidhani ni wa siku moja. Ningesemaje, shemeji? Ningesema amekufa kwa jina langu, mimi niko hapa nanywa uji wake?"

Hakuna aliyemgusa. Watu walimtazama Eufrasia, wakingoja amrukie, na angefanya hivyo hakuna ambaye angemshika. Eufrasia alikuwa bado amepiga magoti kwenye samadi. Aliuliza jambo moja tu.

"Alikuwa amekula?"

"Alikula viazi vyangu. Mimi nilishindwa."

"Vizuri," alisema Eufrasia.

Akainuka, akaenda kwenye lango, akakichukua kile kigoda, akakiingiza ndani ya nyumba. Ndipo walipomsikia akilia. Kilio cha miaka kumi na miwili hakina haraka; kiliendelea mpaka ng'ombe waliporudi.

Walimnyoa kesho yake. Lakini kilio cha mtu asiye na kaburi hakitoshi, na wazee walisema Mabula aletwe nyumbani. Namna ya kumleta ilijulikana: ndugu waende mahali alipofia, waite jina lake la kweli, mwanawe wa kiume achukue udongo na kuubeba bila kusema neno na mtu yeyote mpaka auzike zizini kando ya babu yake. Kabla ya safari Donatus alizunguka wiki tatu nyumba kwa nyumba, na bibi Bernadina akimtangulia na fimbo. Swali lilikuwa jipya sasa: nani wa ukoo huu angeweza kulichukua jina hili? Katika tisa, walipata wanane. Mmoja hakupata mtu wa kumdai. Donatus alipoandika majina ya kweli kando ya yale ya shimo, alielewa kwamba mwalimu wake mpole alikuwa amemfundisha nusu ya kazi.

Walikwenda watatu: mama, Selestine na yeye. Kwa Bwana Kofia palikuwa pamebaki chuma chenye kutu na nyasi. Shimo la Tatu lilikuwa bonde dogo lililobonyea, mbuzi wanakula humo, na hewa iliyotoka katikati ya mawe ilikuwa ya baridi ingawa ilikuwa saa saba mchana. Selestine alisimama mbali. 

Donatus alifungua daftari akasoma kama walivyosoma makarani, jina la shimo kisha jina la kweli. Kila jina aliliachia nafasi ya kuitika. Mbuzi waliacha kula. La kwanza, la pili, la tatu, upepo tu. Alipofika la sita alilitazama kwanza, maana hata sasa lilikuwa lake.

"Maganga wa Bujiku."

 Kisha nyuma yao kokoto zilisogea. Selestine alikuja hatua kwa hatua mpaka ukingoni, mtu mzima anayetetemeka kama mwenye homa ile ile, akavua kofia.

"Nipo," alisema. "Nipo, kaka. Mimi ndiye. Wewe toka."

Akapiga magoti, akashindwa kuendelea. Eufrasia ndiye aliyemwita Mabula, kwa jina lake, mara tatu, kwa sauti ile ile ya kumwita mtu aje kula. Baada ya mara ya tatu akainama, akasema polepole kuelekea chini:

"Nilikutukana kila asubuhi, Baba Donatus. Kila asubuhi ya Mungu. Nawe ulikuwa hapa. Nisamehe, twende nyumbani."

Donatus alikuwa na mengi ya kumwambia baba yake na hakuruhusiwa hata moja. Alichota udongo kwa mikono miwili, akautia katika mfuko wake wa vitabu, akaufunga. Ulikuwa mzito kuliko alivyodhani, na kuanzia hapo hakusema neno.

Barabarani waliona lori la pamba linalokwenda kwenye pantoni, likasimama. Selestine alipanda kwanza, akageuka, akanyoosha mkono.

"Maganga," alisema, na jina lilimtoka bila taabu, "nipe mkono, mwanangu."

Donatus akampa. Dereva alichungulia kutoka dirishani kuona amechukua abiria wangapi.

"Mko wangapi huko nyuma?"

"Wanne," Eufrasia alisema.

Dereva akahesabu vichwa. Akahesabu tena, akamtazama kijana mwenye mfuko kifuani, aliyesoma mpaka Makerere, kwamba labda yeye atasahihisha. Donatus alisogea kidogo kwenye marobota, akaacha nafasi ya mtu mmoja, na lori likaondoka.